Kompyuta ya gemu inaganda au inaonyesha picha mbovu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kadi ya grafiki ndicho kifaa ghali kuliko vyote ndani ya kompyuta nyingi za gemu, na ndicho cha kwanza kulaumiwa. Inauma kuona kijana ameuza kadi nzima kwa bei ya kutupa, akakopa anunue nyingine, na ugonjwa ukabaki palepale kwa sababu ulikuwa kwenye umeme. Majibu haya yameandikwa kwa ajili yetu tunaochezea Uganda: umeme unaoyumba, vumbi jekundu, mashine za mtumba na bando lisilotosha. Vipimo vingi vilivyomo humu havikugharimu chochote isipokuwa muda.

Naona matatizo mengi kwa pamoja. Nianzie wapi?

Anza kwa kutenganisha dalili. Picha zikiharibika huku kompyuta inaendelea kufanya kazi, yaani vidoa vya rangi, mistari, au pembetatu ndefu zinazochomoza kwenye mwili wa mchezaji, shuku kadi yenyewe, kumbukumbu yake, joto au draiva, yaani programu inayoiendesha kadi. Skrini ikiwa nyeusi kwa sekunde moja au mbili kisha ikarudi, Windows imeiwasha draiva upya. Kompyuta ikiganda kabisa na sauti ikabaki kurudia kipande kimoja, weka RAM (kumbukumbu ya kompyuta) na prosesa kwenye orodha pamoja na kadi. Ikizima ghafla kana kwamba mtu amechomoa waya, tazama umeme na pawasaplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, kabla ya kitu kingine chochote.

Kukwamakwama kidogo kidogo ni jambo jingine tena. Gemu mpya hukwama mara ya kwanza unapoingia eneo jipya kwa sababu inatayarisha maagizo ya kadi, na hukwama pia ikiwa imewekwa kwenye hadi diski ya zamani badala ya SSD. Hapo hakuna kilichokufa.

Chukua daftari. Andika saa, gemu uliyokuwa unacheza na kilichotokea, kisha badilisha kitu kimoja tu kabla ya kujaribu tena. Ukibadilisha draiva, waya na RAM siku moja, na kompyuta ikapona, hutajua kilichoiponya, na ugonjwa ukirudi utaanza upya.

Imeganda sasa hivi. Nibonyeze nini?

Bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Skrini itapepesa na draiva ya grafiki itaanza upya bila kufunga programu zako. Picha ikirudi, umeshajua shida iko upande wa grafiki. Isiporudi, bonyeza Caps Lock na uangalie taa yake: ikiwaka na kuzimika, Windows bado iko hai, ikikataa, mfumo mzima umefungwa na huna budi kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime.

Tangu Windows Vista, mfumo huipa kadi sekunde 2 kujibu, na isipojibu huiwasha upya draiva. Kuna ushauri mtandaoni wa kuongeza sekunde hizo ndani ya rejista, yaani mipangilio ya ndani ya Windows. Siupendi. Unanyamazisha kengele na kuuacha moto ukiwaka.

Nitajuaje kama ni kadi, waya au skrini yenyewe?

Mistari ikionekana, piga picha ya skrini kwa kitufe cha Print Screen, ihifadhi, kisha ifungue kwenye simu. Mistari ikiwemo ndani ya picha, imetengenezwa na kadi, draiva au gemu. Picha ikiwa safi, geukia waya wa HDMI au DisplayPort, tundu lake, au skrini.

Kipimo cha pili: zima, washa, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi (bodi kuu) inayofunguka kabla ya Windows. Huko draiva ya Windows bado haijapakiwa. Vidoa vikionekana hata huko, acha kuhangaika na draiva. Hicho ni kifaa. Hakikisha pia waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi na si kwenye mazabodi. Ukiuchomeka kwenye mazabodi utakuwa unachezea grafiki ndogo ya prosesa, na gemu itajikokota hata kama kadi ni nzima.

Kompyuta ni salama nikiandika au nikitazama video, lakini gemu ikipamba moto inazima. Kadi imekufa?

Kwa kawaida hapana. Kadi isiyo na kazi hula umeme kidogo sana. Gemu ikianza, mahitaji yanapanda mara moja, tena kwa miruko mifupi inayopita hata kiwango kilichoandikwa kwenye boksi. Pawasaplai dhaifu haiwezi kubeba miruko hiyo, nayo hujizima ili kujilinda.

Hesabu ni rahisi. Tundu la mazabodi linaipa kadi wati 75. Waya wa pini 6 unaongeza wati 75, wa pini 8 wati 150. Kadi ya GTX 1050 Ti au GTX 1650 ya kawaida imetengenezwa kwa takriban wati 75, kwa hiyo nyingi hazihitaji waya wa ziada. RX 580 ni wati 185. Sasa fikiria zile Dell OptiPlex na HP za ofisini zinazouzwa Kampala kama mtumba kisha zikageuzwa kuwa mashine za gemu. Nyingi, hasa zile nyembamba, zina pawasaplai ya wati 180 hadi 300 na hazina kabisa waya wa pini 6 wala 8. Anayeunga RX 580 humo hutafuta adapta ya kuchukua umeme kwenye waya wa SATA, ule wa hadi diski. Waya wa SATA umepimwa kwa wati 54 tu kwenye volti 12. Plastiki hulegea, huyeyuka, na mwisho huungua. Ukiiona adapta hiyo ndani ya mashine yako, acha kucheza leo mpaka uiondoe. Nasema hivi kwa uzito wote, kwa sababu wengi wetu tunalala chumba kimoja na kompyuta.

Kama kadi yako ina matundu mawili ya pini 8, tumia nyaya mbili tofauti kutoka kwenye pawasaplai badala ya waya mmoja uliogawanyika mwishoni. Halafu kagua nyuma ya pawasaplai za bei nafuu: nyingine zina swichi nyekundu ya 115 na 230. Uganda tunatumia volti 240, hivyo swichi ikae kwenye 230 daima. Ukiiteremsha kwenye 115 na kuchomeka ukutani, pawasaplai italipuka papo hapo.

Unataka kujaribu kabla ya kununua? Weka MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, punguza kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 70 au 80, cheza. Mashine ikiacha kuzima, pawasaplai ndiyo mshukiwa mkuu. Na ukinunua, nunua inayotaja wati zake za kweli kwenye volti 12 na yenye kampuni inayojulikana, hata ikiwa imetumika kidogo. Maboksi mepesi yanayodai wati 600 kwa bei ya mfuko wa sukari hayafai.

Nina UPS, kwa hiyo umeme si tatizo kwangu. Sivyo?

Soma kibandiko chake. UPS ya VA 650, ambayo ndiyo imeenea, kwa kawaida hubeba wati 360 hadi 390 tu. Kompyuta ya gemu pamoja na skrini inaweza kuvuka hapo, na umeme ukikatika katikati ya mechi UPS inazidiwa na kuangusha kila kitu. Betri yake nayo huchoka baada ya miaka michache hata kama taa ya kijani inawaka. Jaribu hivi: funga gemu, hifadhi kazi, chomoa UPS ukutani. Ikizima mara moja, betri imekwisha.

Umeme ukiwa chini jioni, wakati mtaa mzima unapika na kutazama mpira, pima tunduni kwa multimita. Volti zikishuka mno kila siku, toa taarifa kwa UEDCL, kampuni ya serikali iliyopokea usambazaji kutoka kampuni ya Umeme tarehe 1 Aprili 2025, na wakati unasubiri tumia stabilaiza nzuri. Ethi, waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini, pia ni muhimu. Ukigusa keisi na kuhisi mkono unasisimka, nyumba yako haina ethi inayofanya kazi, na hiyo ni kazi ya fundi umeme kabla ya fundi kompyuta.

Kandokando ya Ziwa Victoria radi hazipigi hodi. Mawingu yakikusanyika, chomoa ukutani kompyuta, UPS na waya wa intaneti. Kuzima kwa swichi pekee hakutoshi.

Nyuzi joto ngapi ni nyingi?

Weka HWiNFO au GPU-Z, programu za kupima kadi, na utazame wakati unacheza. Kadi nyingi hukaa salama kati ya 65 na 83. Zikifika karibu na kikomo chake hupunguza kasi zenyewe, na hapo ndipo unaona gemu ikizubaa baada ya dakika ishirini ingawa ilianza vizuri. Baadhi ya kadi za AMD huonyesha pia joto la sehemu yenye moto zaidi, na kwenye mfululizo wa RX 5700 na RX 6000 namba hiyo inaruhusiwa kufika 110, kwa hiyo usishtuke ukiiona imezidi 90. Namba ya kutia wasiwasi ni tofauti kubwa: joto la kawaida 70 na la sehemu moto 105 ina maana pesti, ile dawa ya kupitisha joto kati ya chipu na kipoza, imekauka au kipoza hakijakaa sawa.

Vumbi la barabara za murram ni laini na hushikana na unyevu likawa kama blanketi juu ya mapezi ya kipoza. Miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari, safisha kila mwezi kwa brashi laini na hewa. Shikilia feni kwa kidole isizunguke unapopuliza, kwani feni ikizungushwa kwa nguvu huumia. Ukikaa Entebbe au Jinja, angalia wadudu wa ziwani. Mahali pengine popote, angalia mende, ambao hupenda joto la pawasaplai. Usiifungue pawasaplai yenyewe. Ndani yake mna umeme unaobaki hata baada ya kuchomoa.

Na usiiweke kompyuta chini sakafuni karibu na mlango.

Nimeweka draiva mpya na mambo yamekuwa mabaya zaidi. Nirudi nyuma?

Ndiyo, hakuna aibu yoyote kutumia draiva ya miezi sita iliyopita kama inafanya kazi. Njia safi ni hii. Pakua draiva unayoitaka kwanza, kutoka kwenye tovuti ya NVIDIA, AMD au Intel. Faili ni mamia ya megabaiti, mara nyingine karibu gigabaiti nzima, kwa hiyo ihifadhi kwenye flashi na usiifute, itakuokolea bando siku nyingine. Pakua pia Display Driver Uninstaller, inayojulikana kama DDU. Zima intaneti, maana Windows ikiona kadi haina draiva itakimbilia kukuwekea ya kwake. Ingia Safe Mode (hali ya Windows yenye vitu vya lazima tu), endesha DDU, washa upya, weka draiva uliyopakua, ndipo urudishe intaneti.

Epuka programu zinazodai kusasisha draiva zote kwa kubonyeza mara moja. Nyingi huleta draiva isiyo yako, na baadhi huleta virusi.

Kadi yangu ni GTX 1060. Bado inapata draiva?

NVIDIA ilisitisha draiva za kawaida za gemu kwa familia ya GTX 900 na GTX 10 mwezi Oktoba 2025, na ikabakisha marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Kadi itaendelea kufanya kazi. Ila gemu mpya ikionyesha vivuli vya ajabu au ikakataa kufunguka, huenda hakuna marekebisho yatakayokuja, na hilo lisikufanye uitupe ikiwa unacheza zaidi gemu za zamani. Kumbuka pia kwamba Windows 10 yenyewe iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Nimenunua kadi ya mtumba mjini na inaonyesha vidoa. Nimeuziwa ya bandia?

Inawezekana. Kuna kadi za kale zilizopandikizwa BIOS ya uongo, yaani programu ndogo iliyo ndani ya kadi yenyewe, kwa mfano GTX 550 Ti inayojitambulisha kama GTX 1050 Ti. Fungua GPU-Z: kama imeigundua, itaandika FAKE mbele ya jina. Kadi ya RX 580 2048SP si bandia, lakini ina vitengo 2048 badala ya 2304 vya RX 580 kamili, na muuzaji alipaswa kukuambia.

Nyingine zilichimba sarafu za kidijitali usiku na mchana. Ethereum ilipobadilisha mfumo wake Septemba 2022, uchimbaji wa kadi ulikoma kwa sarafu hiyo na kadi nyingi zikaingia sokoni. Kadi ya mgodini si lazima iwe mbovu. Feni zake huwa zimechoka, pesti imekauka, na mara nyingine BIOS yake ilibadilishwa kwa ajili ya uchimbaji. Jaribu kupunguza kasi ya kumbukumbu kwa megahezi 200 kwenye Afterburner. Vidoa vikitoweka, kumbukumbu ya kadi imedhoofika. Unaweza kuitumia hivyo, lakini dai punguzo.

Dukani, usikubali kuona kadi ikiwaka tu. Omba gemu nzito au OCCT, programu ya kuipa kadi kazi nzito, iendeshwe kwa dakika 15, ukiwa umesimama pale pale.

Gemu moja tu ndiyo inayoanguka. Nyingine zote ziko sawa.

Usiguse kifaa chochote bado. Kwenye Steam kagua uzima wa faili za gemu. Umeme ukikatika wakati wa kupakua, faili huharibika. Kisha shusha ubora wa tekscha, yaani picha zinazovikwa vitu vya ndani ya gemu, kwani kadi ya GB 4 haiwezi kubeba tekscha za juu za gemu nyingi za leo.

Kuna ujumbe mmoja ambao umewapotosha wengi: gemu zilizojengwa kwa mfumo wa Unreal Engine zinapoanguka zikisema kumbukumbu ya video imekwisha, na kadi ina GB 12. Ukiwa na prosesa ya mezani ya Intel ya kizazi cha 13 au 14, hasa i7 na i9, mtuhumiwa ni prosesa. Intel ilikiri kwamba prosesa hizo ziliomba volti kubwa kupita kiasi na zikachakaa, ikatoa marekebisho ya maikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x129 Agosti 2024 na 0x12B Septemba 2024, na ikaongeza dhamana kwa miaka 2. Marekebisho hayo huja kupitia BIOS ya mazabodi. Huzuia uharibifu, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuchakaa. Na tafadhali, usisasishe BIOS bila UPS yenye betri nzima: umeme ukikatika katikati, mazabodi inaweza isiwake tena.

RAM inaweza kuharibu picha?

Inaweza, na husahaulika. Zima XMP au EXPO, mipangilio inayoongeza kasi ya RAM, kwenye BIOS na ucheze siku mbili tatu. Ugonjwa ukitulia, RAM haikuweza kasi hiyo. Usipotulia, weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi na uiache ifanye kazi usiku. Kosa hata moja halikubaliki. Baada ya hapo jaribu kijiti kimoja kimoja ili umpate mwenye makosa.

Niliituma kompyuta kwa basi kutoka Kampala hadi Arua. Ilipofika, skrini nyeusi.

Kadi nzito hulegea tunduni kwa mitikisiko. Chomoa umeme, ondoa kadi, futa miguu yake ya shaba kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka usikie kufuli ya tundu inalia, kaza skrubu. Fanya vivyo hivyo kwa RAM. Safari ijayo, ondoa kadi na uifunge peke yake. Hata boda ya kutoka mjini hadi Ntinda inatosha kuilegeza.

Yangu ni laptop. Kuna tofauti?

Vipimo ni vilevile, isipokuwa kadi huwezi kuitoa. Cheza ikiwa kwenye chaji yake halisi, kwa sababu chaji ndogo au betri hupunguza nguvu na gemu huanza kukwama. Iweke mezani, kamwe si kitandani. Kwenye mipangilio ya grafiki ya Windows, hakikisha gemu imepewa kadi kubwa.

Fundi anasema ataipasha moto kadi ipone. Nikubali?

Kupasha moto, iwe kwa bomba la hewa au kwa jiko, huweza kuiamsha kadi kwa siku au wiki, kisha hufa tena. Hakurekebishi chipu iliyoharibika ndani. Kama kadi tayari haionyeshi chochote na hutaki kuitupa, ni uamuzi wako, lakini usilipe bei ya matengenezo kamili, na usikubali kwa kadi ambayo bado inafanya kazi nusu. Kubadilisha kipande cha kumbukumbu kilichokufa ni kazi halali kwa fundi mwenye mashine na ujuzi; mwulize atajuaje ni kipande kipi. Akikujibu kwa ufasaha, mpe.

Nimejaribu yote haya. Nimpelekee fundi nini?

Mpelekee daftari lako, na rekodi za matukio za Windows. Fungua Event Viewer, sehemu ya System. Namba 4101 inamaanisha draiva ya skrini iliacha kujibu ikarudi. Kernel-Power 41 inasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila utaratibu, haitaji sababu, kwa hiyo mtu asikuuzie kadi kwa kuonyesha namba hiyo peke yake. WHEA-Logger huashiria hitilafu ya kifaa, mara nyingi prosesa au njia zinazounganisha kadi. Zipige picha kwa simu pamoja na saa zake.

Mwombe aiweke kadi yako kwenye kompyuta nyingine yenye pawasaplai nzuri mbele ya macho yako, na kadi nyingine kwenye kompyuta yako. Ugonjwa ukiifuata kadi, kadi ndiyo mgonjwa. Ukibaki kwenye mashine, rudi nyumbani na kadi yako. Kabla ya kuondoka, piga picha namba ya utambulisho (serial number) ya kadi iliyobandikwa mgongoni mwake, na vilevile za RAM na SSD kama itabidi uiache mashine pale.